Wembe Ule Ule, Mkono Mwingine

Ukipita siku hizi kwenye vichochoro vya Mkunazini kuelekea Darajani, hapa Unguja, au ukashuka Wete, Pemba, Alhamisi jioni watu wakijitayarisha kwa Ijumaa, utakuta picha moja inajirudia kwenye vioo vya saluni: wembe wa kukunja, ule ambao makali yake hulala ndani ya mpini, umechorwa pembeni ya brashi na kikombe cha povu. Vijana hujipiga video wakinyolewa kwa wembe huo, taulo la moto likiwafunika uso, na chini ya video ndipo mabishano yanapoanza. Mmoja atasema ukale umerudi, hii ndiyo kazi ya babu zetu. Mwingine atamjibu kwamba babu zetu hawakujua virusi ni nini, na kwamba tunarudishwa tulikokimbia kwa ajili ya mbwembwe tu.

Mimi naona wote wawili wanautazama wembe na kumsahau anayeushika. Wembe haukurudi Zanzibar kwa sababu haukuwahi kuondoka. Aliyeondoka ni kinyozi wa mkono, aliyesukumwa pembeni na mashine ya umeme, na hamu tunayoiona leo ni hamu ya mkono huo. Huko Ulaya na Marekani, zilikotoka picha hizi, kisa ni kingine kabisa: wanaume walichoka kununua vichwa vya plastiki vyenye nyembe za kutupa. Visa viwili vimevaa picha moja, na tusipovitenganisha tutajikuta tunaagiza vyuma kutoka nje huku ujuzi ulioko barazani ukizikwa na wenyewe.

Tuanze na kisa cha wenzetu. Katika miaka ya 1740, Benjamin Huntsman, fundi wa saa wa Kiingereza aliyekuwa akihangaikia chuma kizuri cha springi, alipata njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo hadi kikawa kimoja, kisicho na sehemu ngumu na sehemu laini. Feleji hiyo iliujenga mji wa Sheffield, na baadaye Solingen ya Ujerumani ikaja kushindana nao kwa visu na nyembe. Kwa zaidi ya karne moja, aliyetaka kidevu safi alikuwa na mawili: awe na feleji yake na ajue kuinoa, au aende kwa anayejua. Kisha akaja Mmarekani King Camp Gillette na wembe mwembamba wa kutumia na kutupa. Mwaka 1903 kampuni yake iliuza vishikio 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata vishikio vilipindukia 90,000. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Marekani, jeshi lilinunua vishikio kama milioni 3.5 kwa ajili ya askari, na askari wakarudi makwao na mazoea mapya. Tangu hapo biashara ikawa ya kuongeza: nyembe mbili katika kichwa kimoja mwaka 1971, tatu mwaka 1998, tano mwaka 2006, na bei ikipanda nazo. Mtu wa Chicago anayefungua leo sanduku la babu yake na kutoa wembe wa kukunja anaikimbia ngazi hiyo. Anafunga mlango wa bafu asubuhi, anapaka povu, anajinyoa mwenyewe polepole, na raha yake ni kwamba hakuna kampuni inayomdai kichwa kipya mwezi ujao.

Sasa tazama hapa kwetu. Hivyo vichwa vya nyembe tano vimekaa kwenye rafu za maduka makubwa vikisubiri wageni. Dukani mtaani, wembe ni ule wa kuwili, umefungwa kwenye karatasi yake, unauzwa mmoja mmoja, na kazi zake hazihesabiki: mshonaji anafumulia mshono, mtoto wa skuli anachongea penseli, bibi anakatia kucha za mjukuu. Mtoto akifika siku ya saba ananyolewa nywele na uzito wake kutolewa sadaka, na anayemnyoa mara nyingi ni mwanamke wa nyumbani wala si kinyozi. Sunna ya kutoacha nywele za mwili zipitishe siku arobaini imeuweka wembe katika kila nyumba, tangu chooni kwa mwanamume hadi kwenye kifuko cha somo anayemtengeneza bi harusi. Hata mpira hauchezwi bila wembe; timu ikishashinda mara moja, kwenye ushindi unaofuata mashabiki huimba "wembe ni ule ule." Kitu kilichokaa ndani ya nyumba, ibada na mzaha kiasi hicho hakiwezi kusemwa kimerudi.

Kilichobadilika ni kiti. Kinyozi wa zamani alikuwa na kiti kimoja barazani au chini ya mwembe, kinoo, mkanda wa ngozi wa kulainishia makali, na kipande cha shabu cha kuzuia damu pale mkono ulipoteleza. Mashine ilipofika ilikuwa na haki ya kushinda, na sitaki kuidhulumu: ina kasi, haimwagi damu kirahisi, na kijana huweza kuizoea ndani ya wiki chache. Kinyozi mmoja aliyekuwa akinyoa vichwa kumi na viwili kwa siku akawa ananyoa thelathini. Udhaifu wa mashine ulionekana mara moja moja tu. Unguja ilipokaa gizani kwa takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 umeme kutoka Bara ulipokatika, mashine ya asiyekuwa na jenereta iligeuka pambo. Nakumbuka foleni mtaani kwetu kwa mzee mmoja ambaye kwa miaka alikuwa hapati wateja zaidi ya wazee wenzake. Alikuwa akituambia, "Wanangu, taratibu, mkono hauna jenereta." Umeme uliporudi tulimwacha tena, bila ya haya.

Lugha yetu yenyewe inasema jambo hapa ambalo wanaonakili picha za nje hawalisikii. Sisi hatwendi kunyoa, twenda kunyolewa. Methali zetu za wembe nazo zina watu wawili ndani yake: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji; na kinyozi hajinyoi. Hii ya pili huwa tunaitumia kwa mambo ya uongozi na kusaidiana, lakini maana yake ya kwanza ni ya kazi tupu. Mkono ulioshika makali hauoni kisogo, na hata kwenye kioo unajikanganya kulia na kushoto. Yule wa Chicago anasifia upweke wa bafuni kwake. Hapa tendo lenyewe limejengwa juu ya mtu kumpa mwenzake shingo.

Wanaotetea wembe wa kukunja huanza na hoja ya turathi. Nawaelewa, lakini chuma walichokuwa nacho mababu hakikufuliwa Makunduchi wala Micheweni. Kilishuka bandarini kama kilivyoshuka kitambaa na sahani. Kilichokuwa chao ni kujua la kukifanya, na kujua kwao hakukuishia kwenye ndevu. Kinyozi ndiye aliyekuwa akiumika: pembe ya chuku, chale ndogo za wembe, damu chafu itoke. Huko London, vinyozi na wapasuaji walikuwa chama kimoja hadi walipotenganishwa mwaka 1745. Kwetu hakuna aliyewatenganisha kwa sheria, kazi ilififia tu kisha ikarudi juzi kwa jina la hijama na vikombe vya plastiki. (Na kwamba "kupiga chuku" ni kuumika na pia ni kuongeza chumvi kwenye habari, hilo halitamshangaza yeyote aliyewahi kukaa kwa kinyozi akisubiri zamu.) Kwa hiyo ukiniambia turathi, nitakuuliza ya nini. Ikiwa ni ya chuma, ni turathi ya Sheffield. Ikiwa ni ya mkono, basi wazee wenye mkono huo bado wako hai Chake Chake na Ng'ambo, na sijaona video inayowafuata.

Hoja ya pili ndiyo dhaifu kupita zote, na bahati mbaya ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi: eti wembe wa kukunja unaokoa pesa, unanunua mara moja unadumu umri wako wote. Hesabu hiyo ni sahihi kwa anayenunua vichwa vya plastiki kila mwezi kwa bei ya Marekani. Anayenunua wembe wa kuwili kwa shilingi mia chache anaokoa nini? Wembe mzuri wa Solingen unapita dola mia moja, na huo ni mwanzo tu, kwa sababu bila mkanda wa ngozi na vinoo vya daraja mbalimbali, kutoka kikwaruzacho hadi kile laini kama kioo, utakuwa na kisu butu ndani ya miezi michache. Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walionyesha mwaka 2020 kwamba unywele, ambao ni laini mara hamsini kuliko feleji, huweza kumega makali pale unapojipinda na kuyakuta kwenye sehemu yenye udhaifu. Ndiyo maana wembe hunolewa daima hata kama haukuangushwa. Ongeza hewa yetu. Feleji hizi nyingi zina kaboni nyingi na hazivumilii kutu, na Mji Mkongwe uko ufukweni mwa bahari. Wembe ulioachwa na tone la maji usiku wa masika utakuwa na madoa asubuhi, na doa likikaa kwenye makali, makali yameondoka. Wazee waliujua ugonjwa huo, wakiufuta wembe hadi ukauke na kuupaka mafuta ya cherehani. Kijana anayeagiza wembe kwa sababu video imemwambia ataweka akiba ananunua kazi ya kila siku ambayo hakuna aliyemwambia habari zake.

Hoja ya ngozi ni nusu kweli, na nusu hiyo ni muhimu. Wenye ndevu za kujikunja, ndio wengi wetu, wanajua vipele vya shingoni. Kichwa chenye nyembe nyingi huuvuta unywele kabla ya kuukata, ukarudi chini ya ngozi, na unywele uliojikunja ukiota tena huchoma ngozi kwa ndani. Wembe mmoja hukata usawa wa ngozi, hivyo madhara hupungua, hasa kinyozi akifuata ndevu zinakolala badala ya kuzipanda kinyume ili mteja asifie ulaini. Lakini ukweli hauishii hapo. Kwa mwenye vipele vikali, ushauri wa kitabibu ni kuacha ndevu fupi kwa mashine, wembe usiguse kabisa. Kinyozi mwaminifu atakwambia hivyo hata kama anapoteza pesa ya taulo la moto.

Sasa upande wa wanaopinga. Wao wana hoja moja tu lakini ni nzito, na siipendi tabia ya kuicheka kama woga wa wazazi. Wagonjwa wa mwanzo wa ukimwi waligunduliwa Unguja mwaka 1986, na kizazi kizima kililelewa kwa maneno mawili: usichangie wembe. Maambukizi ya VVU Zanzibar yamebaki chini ya asilimia 1, na hiyo haina maana kwamba wembe umekuwa salama. Kinachonitia hofu zaidi ni homa ya ini ya aina B, kwa sababu virusi vyake huweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi vikiwa bado na nguvu, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha. Chanjo yake iliingia katika chanjo za watoto Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtu mwenye miaka arobaini anayekaa kwenye kiti leo huenda hakuwahi kuipata. Kufuta makali kwa spiriti na kuita "mwengine!" si kusafisha. Na wembe wa kukunja wa kweli hausafishiki kirahisi: mvuke wa moto unaoua kila kitu huleta kutu, na mpini wa pembe au wa plastiki hupinda, huku uchafu ukibaki pale kwenye kiungo unapokunjia.

Kwa hiyo wapinzani wako sahihi kuhusu chuma, nami nakwenda nao hadi mwisho: wembe wa kukunja unaonolewa usitumike saluni kamwe, uwe wa mtu binafsi nyumbani kwake, kama mswaki. Wanapokosea ni kudhani kwamba hicho ndicho kilichomo mikononi mwa vinyozi wengi. Tazama vizuri. Kinachoshikwa ni mpini wa kukunja wenye mdomo wa kupokea nusu ya wembe wa kawaida, ule ule wa dukani. Kinyozi anauvunja wembe kati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, anaingiza nusu, ananyoa, anatupa. Mahujaji wetu wameuona utaratibu huo Mina, ambako kunyoa vichwa vya umati mkubwa ndani ya siku chache kuliilazimisha Saudi Arabia kudai wembe mmoja kwa kichwa kimoja. Wapenzi wa ukale watalalamika kwamba huo si wembe wa kweli. Ni sawa, si wa kweli. Una makali makavu kuliko feleji iliyopitishwa kwenye mkanda wa ngozi, hausamehe pembe ikikosewa, na unamtaka kinyozi awe mwepesi zaidi wa mkono. Lakini hapo ndipo hoja yangu inapopata ushahidi wake: chuma cha kale kimetolewa, kimewekwa cha mia chache, na wateja bado wanakuja. Kama wangekuwa wamefuata chuma, wangeondoka.

Wanafuata nini, basi? Sehemu ya jibu ni ya kawaida kabisa. Ndevu zimerejea, kwa vijana wa msikitini kama sunna na kwa vijana wa mitindo kama urembo, na mara nyingi ni kijana mmoja mwenye sababu zote mbili. Ndevu zikikaa zinataka mpaka, mstari wa shavuni na wa chini ya taya, na mashine haiutoi mstari huo ukiwa safi. Waliodhani ndevu nyingi zingemlaza njaa mwenye wembe wamekuta kinyume chake. Sehemu nyingine ni vigumu zaidi kuieleza bila kupiga chuku. Mashine huchukua dakika kumi, televisheni ikiwa juu na simu mkononi. Wembe ukifika kooni simu huwekwa chini, kinyozi huacha kusema katikati ya sentensi, na anakwambia, "Sheikh, tulia hapo." Kwa dakika ishirini kijana ambaye siku nzima anaitwa na watu anakaa chini ya mkono wa mtu asiyemtaka chochote ila asijitikise. Watalii wanailipia hali hiyo kwa jina la kitu cha kale. Wenyeji wanailipia bila kuipa jina.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi maswali yanayofaa kuulizwa si yale tunayoyauliza. Kupiga marufuku wembe saluni kutawaumiza wanaobadilisha nusu wembe mbele ya mteja na kuwaacha wanaouficha. Bora mabwana afya watake jambo moja linaloonekana: karatasi ya wembe ichanwe mbele ya macho ya anayenyolewa, kila mara, na mteja awe na haki ya kuinuka isipochanwa. Kisha lipo la taka, ambalo nashangaa hakuna anayelitaja. Nusu wembe kwa kila mteja ni nyembe nyingi kwa mwezi, na nyingi huishia kwenye mfuko pamoja na nywele na maganda ya machungwa, zikamngojee mzoa taka. Chupa ya plastiki yenye kifuniko inatosha kuanzia. Vituo vya afya vina masanduku ya sindano, na sioni kwa nini chupa za saluni zisipokelewe huko. Na lipo la mafunzo. Mashine ilimwezesha kijana kufungua saluni baada ya wiki chache, na wengi wa waliofungua hivyo sasa wameongeza wembe kwenye bei zao bila kuongeza siku hata moja ya kujifunza. Hapo ndipo hatari ilipo, kuliko kwenye virusi peke yake. Mafunzo ya amali yanafundisha ushonaji na useremala kwa miezi. Kunyoa koo la mtu kwa makali ya wazi hakustahili kujifunzwa kwa kuangalia video.

Wale wazee wanaweza kutumika hapo wangali wapo, maana utaratibu wao ulikuwa mkali kuliko wa chuo. Mwanafunzi alianza na kufagia, kisha kushika ngozi na kulainisha makali ya mwalimu, kisha kunyoa vichwa vya watoto, kisha kisogo, halafu shavu. Mwezi uliopita nilinyolewa Ng'ambo katika saluni yenye kiyoyozi na mabango ya masharubu ya kizungu, nikiwa na wasiwasi wangu wote. Kijana alichana karatasi mbele yangu, akanyoa mashavu kwa mkono mtulivu, akafika kwenye taya, akasimama. Nilimuuliza kuna nini. Akasema ana miezi minane pale na koo bado hajapewa, akamwita ami yake aje amalizie.